Makapi ya Mapera

Rhobi aliponda mapera kwa mwiko, akayakamua kwenye chujio mpaka ikabaki juisi tupu ya rangi ya waridi. Makapi na mbegu akammwagia ndama. Pale kijijini Itiryo, mkamwana aliyelelewa vizuri hampelekei baba mkwe pera zima alitafune kama watoto walioko machungani. Anamkamulia. Na Rhobi alilelewa vizuri, hata majirani wenye midomo walikiri.

Mzee Mniko, baba mkwe wake, alikuwa na kisukari mwaka wa tatu sasa. Soda aliacha, chai ya sukari aliacha, akabaki na juisi ya mkamwana wake, vikombe vitatu kwa siku, maana kila mtu anasema matunda ni dawa. Vidonge hakuruka hata siku moja. Lakini sukari ilizidi kupanda, na kidonda cha kidole gumba cha mguu kikagoma kupona. Jumanne hiyo Rhobi alipokwenda kumchukulia vidonge, zahanati walimwambia waziwazi kwamba mambo yakiendelea hivyo, kidole kitakatwa.

"Kwani anakula nini?" aliuliza nesi Agustina.

Rhobi akaeleza habari za chujio, kwa fahari kidogo.

"Na makapi?"

"Nampa ndama."

Nesi akacheka, kisha akanyamaza alipouona uso wa Rhobi. "Dada, zile nyuzinyuzi ndizo zinazofanya sukari iingie kwenye damu polepole. Hata mafuta ya kwenye damu zinasaidia kupunguza. Wewe sukari unampa mzee, nyuzinyuzi unampa ndama! Mpe pera lenyewe, na ganda lake, moja tu kwa wakati. Na vidonge asiache."

Njia nzima Rhobi alilia. Tangu aolewe, miezi saba sasa, alikuwa akimuumiza mzee wa watu kwa adabu yake mwenyewe.

Nani angemwambia mzee? Mke wa mwana hakai na baba mkwe wakajadili mwili wake. Mumewe, Mseti, alikuwa kazini kwenye hoteli ya watalii huko Ikoma, na simu yake haikupatikana mchana kutwa.

Alasiri wazee wawili wa rika la Mniko walikuja kumjulia hali, Tomaso na Nyangwine. Rhobi akaosha mapera matatu, akapiga goti, akaweka sahani kwenye kigoda.

Tomaso akaitazama sahani. "Mniko, siku hizi hapa kwako wazee wanalishwa kama wachunga mbuzi?"

Rhobi hakuinua macho. Neno moja tu la baba mkwe, na angerudishwa kwao Kenyamonta akafundwe upya, mbele ya mama yake na wadogo zake.

"Zahanati wamesema, tata," alimnong'oneza baba mkwe. "Lenyewe. Na ganda lake."

Mzee Mniko aliutazama mguu wake uliofungwa bendeji.

"Mimi ndiye niliyemwagiza," akasema. "Una neno, Tomaso?"

Hakuwa amemwagiza kitu. Rhobi alilijua hilo, na mzee alilijua pia.

Alirudi jikoni, akasimama nyuma ya mlango. Kutoka uani akasikia pera likiumwa, na mbegu ngumu zikivunjika moja moja kati ya meno machache ya mzee.