Orodha ya Wanunuzi wa Blanketi

Juni 1975, Evarista, karani wa takwimu, alitumwa kutoka Iringa kwenda soko la Mwanjelwa, Mbeya. Kazi yake ilikuwa kupima jambo moja: blanketi la nje likipanda bei, ni wanunuzi wangapi watakaoliacha na kuchukua la kiwanda cha hapa nchini. Mkuu wake, Silvester, alimwagiza aandike jina la kila aliyejibu, ili baada ya miezi mitatu waulizwe tena watu walewale. Majibu aliyaandika mbele ya daftari kwa namba, majina nyuma.

Siku mbili za kwanza walimjibu vizuri. Paskalina, mama aliyeuza mablanketi, alimpa kigoda akae karibu na meza yake.

"Likipanda shilingi kumi, nitaongeza hizo kumi," mteja mmoja alimwambia. "Hilo la kwetu baridi inapita."

Siku ya tatu mgambo walikuja wakabeba mablanketi yote ya Paskalina. Yalikuwa yamevushwa mpakani Tunduma bila ushuru. Mmoja akamgeukia Evarista.

"Wewe ndiye mwenye orodha ya wanunuzi? Katibu kata anakuita. Njoo na daftari."

Paskalina alimtazama kama mtu aliyemchongea, akakichukua kigoda chake. Evarista akaelewa kwamba walionunua nao watakamatwa. Majina yalikuwa hamsini na moja, na wote walikuwa wamemwamini.

Walipofika ofisini aliomba kwenda chooni. Humo alichana kurasa zote za nyuma, akazitupa shimoni.

Mgambo akagonga mlango. "Dada, unafanya nini humo?"

"Tumbo, kaka."

Katibu, Ndugu Eliezeri, alilipokea daftari akapitisha kidole pale karatasi zilipochanwa.

"Majina yako wapi?"

"Sikuandika majina, ndugu katibu." Sauti yake mwenyewe aliisikia kama ya mtu mwingine.

Katibu alimtoa mgambo nje, akafunga mlango. Evarista akajua sasa anapelekwa mahabusu.

"Mke wangu alinunua juzi," katibu alisema kwa sauti ya chini. "Anaitwa Marta. Ulimwandika?"

Jasho lilikuwa limemtoka katibu juu ya mdomo. Evarista hakujua kama ni mtego.

"Simjui Marta, ndugu."

Katibu akamrudishia daftari. "Basi la Iringa linaondoka saa nane. Usilikose."

Njia nzima alikumbatia mkoba wake. Kwenye kituo cha Igawa walipanda wanaume wawili waliovaa sare, akafumba macho akisubiri kuguswa bega. Walikuwa abiria tu.

Iringa, Silvester alihesabu majibu: kati ya watu hamsini na mmoja, tisa tu ndio wangehamia blanketi la kwetu. Alipoambiwa majina yamepotea, alimwandikia Evarista barua ya onyo. Bila majina, upimaji haukurudiwa.

Septemba akapata habari kwamba Paskalina alitozwa faini na sasa anauza viazi. Wateja wake hakuna aliyeitwa. Evarista alifurahi, lakini alipopangiwa tena safari ya Mbeya, aliomba aende mwingine.