Wifi Aingie kwa Mlango wa Nyuma

Madamu ana daftari. Ndani yake kuna hatua ishirini na mbili za kuweka dawa ya kulainisha nywele, zimeandikwa kwa kalamu nyekundu, na kila asubuhi kabla saluni haijafunguliwa mwanafunzi wake alitakiwa kuzisoma kwa sauti, amesimama wima kama yuko gwaride. Mwanafunzi mwenyewe ni binti wa mdogo wake Madamu. Sisi tunamwita Redio, na sababu utaijua sasa hivi.

Redio alikuwa hashiki kitu. Leo anaruka hatua ya tatu, kesho anaanzia ya tisa. Siku moja alimpaka mteja dawa bila kumzungushia mafuta mazito pembezoni mwa uso, yule dada akaondoka anapepea paji lake kwa bahasha. Madamu akakata shauri: Ijumaa anakuja Mwalimu Mkuu wa shule ya jirani, na Redio atamhudumia peke yake mwanzo mpaka mwisho. Akiharibu, afungashe virago arudi kwa mama yake. Shida ni kwamba mama yake alishatoa kitanda cha binti, mahali pake kaweka cherehani.

Mimi ni msusi wa kiti cha pili, na mdomo wangu haujawahi kwenda likizo. Jumanne nilimwuliza Redio ilikuwaje ule ugomvi wa wapangaji wa ghorofa ya juu. Akanipa wote: nani alianza, nani alishika kandambili ya nani, ndoo ilikuwa ya rangi gani, na nani alikuwa anachungulia dirishani na povu la mswaki mdomoni. Hakuruka hata kimoja. Nikasema kumbe kichwa kipo, ni sisi tu tunakilisha kisichopenda.

Nikamvuta kule nyuma kwenye masinki, nikashusha sauti.

"Kuna nyumba moja ina wifi mkali," nikamwambia. "Huyo ndiye dawa. Kabla hajafika, wenye nyumba wanapaka mafuta kuta zote za nje asije akaziunguza. Nyumba inagawanywa vyumba vinne. Wifi anaingia kwa mlango wa nyuma, huku kisogoni. Anasalimia watoto tu, yaani mizizi iliyoota juzi. Wazee wa kwenye ncha hawagusi, walishamwona mara ya kwanza na mpaka leo hawajapona. Dakika kumi na tano, anatolewa na mabegi yake yote. Maji yakiwa bado yana utelezi, ujue kuna begi limebaki. Akishatoka, anaitwa msuluhishi, ile shampuu ya kuzima dawa."

Redio macho yakamtoka. Akaniuliza kama huyo wifi ameolewa. Hapo nikajua imeingia.

Madamu aliposikia alinuna. Alisema yeye kafundishwa kwa daftari, aliyemfundisha kafundishwa kwa daftari, na saluni yake si kibaraza.

Ijumaa Mwalimu Mkuu akaingia, mkoba kifuani, midomo imebanwa kama zipu. Redio akamfunga taulo. Tatizo likawa moja: bila kusimulia, mikono yake haiendi. Akaanza, huku anazungusha mafuta, kwamba kuna wifi mmoja, na watu walijua anakuja. Mwalimu akamwambia hakuja kusikiliza umbea. Walipofika chumba cha pili, akauliza huyo wifi alikuja na mabegi mangapi.

Kazi ilikuwa safi. Mistari imenyooka, dawa iko mizizini, ncha hazijaguswa. Madamu alizunguka kiti mara mbili akitafuta kosa, akalikosa. Saa ya ukutani ikafika dakika ya kumi na tano, Redio akatangaza kwamba sasa wifi anaondoka. Mwalimu akaumia moyo.

"Mwanangu, si angekula kwanza? Katoka mbali yule."

Redio hajawahi kumnyima mtu umbea. Akamkalisha wifi mezani, akamletea chai. Mwalimu akasema habari hii tamu mpaka kichwa kinamsisimka. Mimi nikaachia msuko mkononi, maana pale kilichosisimua hakikuwa habari, ni dawa imeanza kuuma. Nikamkonyeza Redio, wapi. Madamu akamwambia hatua ya kumi na sita, ya kuosha, hatua ya kumi na sita. Redio akamtazama kama mtu aliyeulizwa njia ya mtaa asioujua. Wifi alikuwa anaongezwa sukari.

Madamu akaangalia saa. Akaangalia daftari. Akaliweka juu ya draya, akaenda mpaka mlangoni, na nikamwona mwanamke mzima anameza heshima yake.

"Hodi," akasema kwa sauti nzito. "Mimi mume wa wifi. Nimemfuata mke wangu, na gari linanguruma nje."

"Chai aiache," Redio akasema, na kabla Mwalimu hajakubali, kichwa chake kilikuwa sinkini na bomba limefunguliwa. Likatoka begi la kwanza, likatoka la pili. Mwalimu, macho kafumba, akauliza kama na lile la vyombo limetoka. Redio akaosha mpaka utelezi ukaisha, msuluhishi akaitwa mara mbili.

Nywele zilikauka zimelala kama shuka la hotelini, na ngozi haikuungua hata mahali pa punje ya mchele. Mlangoni Mwalimu akageuka, akauliza kwa upole kama wifi atarudi.

"Wiki nane, mwalimu," Redio akasema. "Akija kabla, anaunguza nyumba."

Mwalimu akaandikisha siku yake papo hapo. Cherehani ikabaki ilipo.

Tulipokuwa tunafagia, Madamu akalishusha daftari, akachukua kalamu nyekundu, akanisogelea kama mtu anayeomba chumvi.

"Na rangi ya nywele je?" akaninong'oneza. "Mimi naona iwe mama mkwe. Yule akishaingia hatoki."