Mfuko Hauna Sura

Filimbi ililia gizani, ikajibiwa na nyingine, na nyingine tena, hadi Paskazia asisikie uji wake ukichemka. Walinzi walikuwa wakipokezana zamu. Tangu uvumi wa wavamizi ufike machimboni, filimbi zilikuwa zimezidi sururu.

Kulipokucha alijitwika mfuko wa mawe, akaenda dukani kwa Sostenes. Pale machimboni mfuko wa mawe ndio ulikuwa shilingi. Ulinunua mchele, ulimlipa kinyozi, ulimlipa mlinzi, na mwishowe ulisagwa kwenye mashine ya karasha utoe dhahabu. Maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, yalikuwa mawili, la mumewe Mageni na la Mabula, mwenyekiti wa machimbo, lakini mfuko ulikuwa mmoja, wa thamani ileile. Bila mchele, kibanda chake cha chakula kingefungwa, na mwanawe Luka angekosa shule.

Dukani redio ilikuwa ikijadili sarafu moja ya Afrika Mashariki.

"Mama Luka," alisema Sostenes, "mchele wa mfuko mmoja sasa ni mifuko miwili."

"Mayo wee! Kwa nini?"

"Mingine ikisagwa inatoa vumbi tu. Imechanganywa magwangala."

"Mawe ya kutupa? Huu ni wa Mageni, kaka! Nimeushona kwa mkono wangu."

"Mfuko hauna sura, dada. Mabula akiuharibu wake, umeharibika na wako." Akaicheka redio. "Na hawa wanataka sarafu moja nchi zote! Waje kwanza huku kwetu."

Paskazia hakubembeleza. Alijitwika tena mfuko wake, shingo imenyooka, akaelekea kwa Mabula. Alimkuta chini ya turubai na walinzi wake, wote wamevaa buti mpya, wanakunywa chai kwa maandazi, mifuko ya malipo kando yao.

"Mwenyekiti, hawa unawalipa nini?"

"Mifuko, kama kila mtu."

"Ndani mna nini?"

Walinzi waliacha kutafuna.

"Ulinzi una gharama, mama," alisema Mabula. "Mawe yaliisha. Niwapunguze tuvamiwe? Si mlinipigia makofi wenyewe mkutanoni nilipoongeza walinzi?"

Kweli walipiga. Yeye alipiga na vigelegele juu.

"Tuliwapigia walinzi. Magwangala hatukuyapigia."

"Hiyo ndiyo asante yako! Kwani umeibiwa jiwe gani?"

"Nimeibiwa nusu ya mfuko wangu, na mwizi hakuruka uzio."

Mlinzi mmoja, Jilala, alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Kimya wewe!" Mabula alifoka. "Nawe mama, mchango wako wa ulinzi bado. Uache huo mfuko hapo."

Paskazia aliushusha, akakata uzi, akaumwaga wote miguuni pa Mabula. Aliokota jiwe, akalilamba kulilowesha kama wachimbaji wafanyavyo, akaliinua juani. Mshipa wa dhahabu ulimeta.

"Jilala, mwaga na wako."

Jilala alimtazama mwenyekiti, akatazama buti zake, akamwaga. Akalamba jiwe moja, la pili, la tatu. Yote kijivu kama majivu. Akatema mate, wala hakucheka tena.

"Baba," Paskazia alimwambia Mabula, kwa sauti iliyofika hadi midomoni mwa maduara, "leo sipiki, sina mchele. Lakini siku nitakayowasha moto, nakuahidi mbele ya hawa walinzi wako: kila mfuko utakaoletwa kwangu kulipia chakula nitaumwaga hadharani, nilambe jiwe kwa jiwe. Na nitaanza na wako."