Shimo la Hamisa

"Jogoo," alijibu Shufaa.

Muuguzi Arafa aliweka kalamu chini. Alikuwa amemuuliza ni nini kinachomwamsha asubuhi.

"Sina maana hiyo, Bi Shufaa. Nauliza unaamka kwa ajili ya nini."

"Kwa kuwa sijafa, mwanangu. Siku nikifa sitaamka."

Ilikuwa Jumanne ya sita kwa Shufaa kukaa kwenye kiti kile cha plastiki nyuma ya zahanati. Mwanzo alikwenda kwa ajili ya presha. Alipewa vidonge, akameza, presha haikushuka na usingizi haukuja. Arafa, aliyekuwa amesomea ushauri nasaha, akamwambia kuna maradhi yanayotaka kusemwa kwanza. Kijijini Juani wakavumisha kuwa Shufaa anatibiwa wazimu. Aliwaacha wavumishe. Angalau pale kitini hakuna aliyemwambia apige moyo konde.

Maana hayo alishaambiwa hadi masikio yakaota sugu. Hamisa, binti yake wa pekee, alikufa miaka miwili nyuma akiwa na mimba ya miezi minane, na kila aliyekuja matangani aliingia na neno moja: kazi ya Mungu haina makosa. Mudrik, mkwewe, alilisema huku akimfuta yeye machozi. Shufaa aliitikia kila mara. Alijua vizuri kwamba Mungu hana makosa. Makosa yalikuwa yake mwenyewe, na hakuwa amemwambia mtu.

Jumanne hiyo akasema. Hakujua kwa nini siku hiyo na si nyingine, labda kwa sababu ya lile jibu la jogoo, ambalo binti wa watu alilipokea bila kucheka.

Siku ile ya kifo walikuwa pwani, yeye na Hamisa, wakifukia makumbi. Mwanamke anayesokota kamba huchimba shimo lake ufukoni maji yakiwa yamekupwa, akalijaza makumbi ya nazi, akayakandamiza kwa mawe na tope, kisha akachomeka kijiti chake. Makumbi hulala huko miezi sita au zaidi mpaka yalainike, ndipo hufukuliwa na kupigwa kwa gongo ukapatikana usumba, zile nyuzi za kusokotea kamba. Shimo likikutwa wazi na maji, makumbi huelea yakaenda zake. Na shimo la mtu haliguswi na mwingine. Aliyefukia ndiye anayefukua.

"Akaniambia, mama, kichwa kinaniuma, naona vimulimuli. Sikuinua hata uso. Nikamwambia kichwa cha jua hicho, maliza kufukia, maji yanajaa." Shufaa alivuta pumzi. "Akamaliza. Alikuwa mtoto msikivu."

Alasiri Hamisa alianguka kifafa, na boti iliyomvusha ilipogusa mchanga wa Utende, ng'ambo ya pili, alikuwa ameshakata roho.

Arafa alisogeza kiti chake karibu.

"Ulijua kuwa zile ni dalili za kifafa cha mimba?"

"Sikujua."

"Na sasa?"

"Sasa najua. Si umenifundisha wewe, uliponieleza habari za presha?"

"Siwezi kukuondolea hilo, Bi Shufaa, na sitakudanganya. Ila nenda ukafikirie jambo moja ambalo usipolifanya wewe, hakuna mwingine wa kulifanya. Jumanne utaniambia."

Shufaa alitoka pale na hasira zake. Ametapika jambo alilolifungia tumboni miaka miwili, na anachopewa ni kazi ya nyumbani, kama mtoto wa darasa la pili! Njia nzima alikuwa akisema peke yake, na waliokuwa wakimdhania wazimu wakapata ushahidi.

Alhamisi maji yalikupwa mapema. Wanawake walikuwa ufukoni, magongo yakilia, na ule uvundo wa makumbi umetanda kama kawaida. Hatua chache kutoka kwenye kijiti cha Hamisa, ambacho hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kukigusa, Umi alikuwa akijaza shimo lake. Umi ndiye mke mpya wa Mudrik, na mimba yake ilikuwa kubwa. Shufaa hakumpenda. Msichana hakuwa amemkosea kitu. Kosa lake ni kuwa hai, na kupika kwenye jiko la Hamisa.

Umi alisita, akajishika paji la uso.

"Una nini?" aliuliza Biasha, jirani yao, bila kuacha kupiga.

"Kichwa tu, bibi."

"Kichwa cha jua hicho. Maliza, mwanangu, maji yanajaa."

Gongo la Shufaa lilibaki hewani. Maneno yalikuwa yaleyale, ila yametoka kinywa kingine. Alimtazama Umi miguuni. Uzi wa shanga aliouvaa mguuni ulikuwa umezama katika nyama.

"Umi, toka shimoni. Nenda zahanati."

"Bado kidogo, mama. Nikiyaacha yataelea."

"Nenda sasa hivi."

"Shufaa, usimtishe mtoto wa watu," alisema Biasha. "Ya Hamisa ilikuwa kazi ya Mungu."

Angeweza kukomea hapo. Amesema, hakusikilizwa, hakuna wa kumlaumu. Heshima yake ya mama mfiwa ilikuwa nzima, na ndiyo mali pekee aliyobaki nayo. Aliuona mkono wa Umi ukirudi kwenye rundo la makumbi.

"Haikuwa ya Mungu," alisema. "Hamisa aliniambia kichwa kinamuuma. Aliniambia anaona vimulimuli. Nikamwambia amalize kufukia. Hapo hapo penye kijiti."

Magongo yote yalinyamaza. Umi aliliachia kumbi lililokuwa mkononi mwake.

"Hata mimi naviona," alisema polepole.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Wawili walimshika Umi wakampandisha zahanati, Arafa akampima, akapiga simu ya boti kabla hajamaliza kumvua kipimo cha presha. Mudrik aliitwa kutoka shamba. Wakati anashuka pwani amembeba mkewe, habari ilikuwa imeshamfikia, kwa kuwa habari ya aina hiyo haihitaji mchukuzi. Alimlaza Umi ndani ya boti, akarudi hatua mbili hadi aliposimama Shufaa.

"Mama, ni kweli?"

"Kweli."

"Miaka miwili nakuamkia. Nakuletea samaki."

"Ndiyo."

Alimtazama kama anayesubiri aseme la zaidi. Mudrik akageuka, akapanda, mashine ikawashwa. Tangu amuoe Hamisa hakuwahi kusafiri bila kumuaga mkwewe, lakini siku hiyo hakugeuza shingo.

Wanawake walikusanya vikapu vyao. Biasha alikuwa wa mwisho.

"Mengine mtu hufa nayo, Shufaa," alisema, na akaondoka bila kungoja jibu.

Msiba wa kujitakia hauna kilio, na Shufaa hakulia. Alikuwa na jibu la Jumanne, nalo lilikuwa chungu, wala hakujua kama lingemfikisha Umi hospitali akiwa mzima. Boti ilikuwa bado inasikika upande wa Utende.

Maji yalianza kuingia kwenye shimo la Umi. Kumbi moja liliinuka, likazunguka, likatoka. Jingine likalifuata. Shufaa aliangalia kulia na kushoto. Ufuko ulikuwa mtupu. Akakunja kanga, akaingia kwenye shimo lisilo lake, akaanza kuyarudisha, jiwe juu ya kumbi, tope juu ya jiwe. Tope lilisombwa kadiri alivyoliweka. Mwishowe akapanda mwenyewe juu ya shimo, akasimama kwa miguu yote miwili. Maji yalimfika magotini. Chini ya nyayo zake makumbi yalikuwa yakisukuma, yakitaka kutoka, naye akazidi kujibana chini, sikio likiufuata mlio wa mashine hadi akashindwa kuutofautisha na mawimbi.