Karoti za Zambarau na Magadi

Védastine alipofunua sufuria, kifuniko kilimponyoka. Lo! Maharage yamegeuka kijani, na povu la juu ni la buluu! Asubuhi alishtuka mara ya kwanza, alipong'oa karoti bustanini akazikuta za zambarau tupu; mbegu aliletewa na jirani yake Bashige kutoka Bukavu, akadhani ni za kawaida. Alipozionja zilikuwa tamu ajabu, akasema leo Mungu amemkumbuka, akazikatia kwenye maharage ya mgeni. Maharage yake yalikuwa ya zamani, hayaivi bila magadi, naye akatia magadi kama alivyofundishwa na mama yake. Nani angemwambia kwamba magadi na zambarau havipatani?

Na mgeni mwenyewe ni nani? Mukamurenzi, mama mkwe wake. Tangu mumewe Néhémie alipofariki kwa ugonjwa wa tumbo, mama huyo hakuonja hata maji katika nyumba ya mkaza mwanawe, na kijiji kizima cha Mururu kilijua kwa nini: ilinong'onwa kwamba mkewe alimlisha sumu. Leo ameshuka kwa miguu kutoka Nyakarenzo, amekubali kula. Védastine akawaza kumwaga vyote. Akimwaga, si ndiyo ataulizwa anaficha nini?

"Bado tu haijaiva?" Mukamurenzi alikuwa ameshasimama mlangoni. Macho yake yakatua sufuriani, akashika kifua. "Yesu wangu! Ni nini hii?"

"Ni karoti, Maman. Za bustani. Ni magadi imezigeuza, naapa."

"Karoti ya kijani? Batu balinionya, mimi nikakataa kusikia."

Védastine akachukua kijiko. Kwao, iwe pombe iwe chakula, mwenye nyumba ndiye huonja kwanza, mgeni akimtazama. Akachota kikajaa, akameza kingali cha moto, ulimi ukaungua. Akachota cha pili. Nje kuku walikuwa wakiparura tuta lililong'olewa karoti.

Mukamurenzi alimtazama koo, kisha uso. Akanyoosha mkono, akapokea kijiko kilekile. Hakukifuta. Akachota, akatafuna polepole huku amefumba macho.

"Umesahau chumvi, mwanangu," alisema, akavuta kigoda, akaketi karibu na moto.

Kopo la chumvi lilikuwa mbele ya Védastine, akalipapasa kwa mikono miwili asilione kwa machozi.