Nambari Kutoka Karonga

Mwaka wa 2018 tulikuwa marafiki watatu tuliomaliza chuo na hatuna kazi: mimi Selpher, Janice na Mutiso. Mutiso ndiye aliyetoa wazo la kwenda Malawi kuliona ziwa kwa kuomba lifti tu, kuanzia Namanga mpaka mwisho. Nyumbani tulidanganya kwamba ni kambi ya kanisa, Arusha.

Kwa siku sita tulibebwa na watu tusiowajua. Mwalimu mmoja alitutoa Babati mpaka Dodoma na akatununulia chipsi mayai. Dereva wa lori la saruji akatushusha mpakani Kasumulu. Tulipovuka, Janice alikuwa anatetemeka, meno yakigongana, na jua linawaka. Mutiso aliketi juu ya mkoba wake akasema, "Nimewaua, wasee."

Gari lililosimama lilikuwa pikapu ya vitunguu. Aliyeiendesha alikuwa mama wa miaka hamsini hivi, mnene, aliyekuwa akifanya biashara Kyela na kukijua Kiswahili vizuri. Kwao walimwita NyaGondwe. Hakutuuliza tumetoka wapi. Alimshika Janice shingoni, akasema, "Huyu ana malaria. Pandeni."

Tulikaa kwake Karonga siku tisa. Alimpeleka Janice zahanati, akampa kitanda chake, yeye na binti yake Towera wakalala mkekani. Alimlisha uji kijiko kwa kijiko. Janice alipomtapikia kwenye kitenge, tuliona aibu. "Ninavyo vingine," alisema NyaGondwe, akaenda kubadilisha.

Siku ya kuondoka niliandika nambari yangu kwenye daftari la Towera. "Ukija Nairobi, mama, usilale hoteli," nilimwambia. "Kwetu ni kwako." Aliifuata ile nambari kwa kidole, tarakimu moja moja, kwa sauti, mpaka akahakikisha anaisoma sawasawa.

Miaka ikapita. Nilipata kazi kwenye ofisi moja ya bima katikati ya jiji, nikapanga nyumba Uthiru. Mwezi wa pili mwaka jana simu yangu ikaanza kuita kutoka nambari ya nje. Wakati huo matapeli walikuwa wengi, na Becky, tunayekaa naye meza moja, alikuwa ameponea chupuchupu. "Usishike hiyo," aliniambia. Sikushika. Iliita Jumatatu, ikaita Jumanne mara mbili, Jumatano asubuhi. Siku ya Ijumaa iliita nikiwa mbele ya mteja. Niliomba radhi, nikaifungia isiweze kunipata tena. Ilinichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya.

Mwezi wa saba Janice alinipigia. "Selpher, uko wapi? Keti kwanza."

Towera alikuwa amemtafuta Facebook na hatimaye kumpata. Janice alinisomea ujumbe wake, sauti ikikwama. NyaGondwe alipata uvimbe tumboni, akashauriwa aje atibiwe Nairobi. Walikuja kwa basi, mama na binti, wakafikia gesti moja huko mjini, yenye kelele hadi mgonjwa hakupata usingizi. Kwenye foleni ya hospitali walikutana na mwanamke aitwaye Philister, aliyekuja kumwona dada yake wodini, naye akawachukua kwenye chumba alichopewa na mwajiri wake, alikofanya kazi za ndani, Lavington. NyaGondwe aliishi Nairobi siku ishirini na tatu, akafa. "Kila siku alikuwa anauliza kama watoto wake wa Nairobi wamepatikana," Towera aliandika.

Nilifungua orodha ya nambari nilizozifungia. Ilikuwepo, ya tatu kutoka juu.

Tangu siku hiyo nikaanza kumwona. Mchana kweupe, Moi Avenue, nilikuwa naona mgongo mpana na kitenge cha rangi ya vitunguu, miguu yangu inaanza kufuata yenyewe. Mara moja nilimfuata mwanamke kutoka posta mpaka karibu na soko, nikamgusa bega. Aligeuka na kukumbatia pochi yake. Nyumbani nilikuwa nasikia simu ikiita. Nikiishika, kioo ni cheusi. Nilipomwambia Mutiso, alisema ana mkutano. Hajawahi kulizungumzia tena.

Towera alitupatia nambari ya Philister, na Jumapili moja nikaenda Lavington peke yangu. Mlinzi aliniitia Philister atoke. Alikuwa mwanamke mwembamba kutoka upande wa Siaya, mikono imelowa. Alinipeleka nyuma ya nyumba, kwenye chumba chenye kitanda kimoja na dirisha linalotazama kamba ya nguo.

"Mwenye nyumba alikuwa amesafiri," alisema. "Angejua, ningefukuzwa. Lakini ungemwona yule mama ungefanya nini? Alilala hapo. Jioni nilikuwa namtembeza mpaka kwenye ule ukuta, halafu tunarudi."

"Alikuwa anasema nini?"

"Alikuwa na watoto wake hapa Nairobi. Mmoja alimwachia nambari. Aliijua kwa kichwa, dada, yote!" Akanitazama. "Kwani ni wewe?"

Mdomo wangu ulijibu kabla sijaamua. "Hapana. Mimi ni rafiki yake."

"Basi ukimwona mwambie mama hakumkasirikia. Alisema watu wa Nairobi wana kazi nyingi."

Nilitoka hapo nikatembea kwa miguu mpaka Waiyaki Way, magari yakinipita, na sikusikia hata moja.

Siku ya tatu nilimpigia Towera nikamwambia ukweli wote, pamoja na uongo niliomwambia Philister. Nyuma yake jogoo alikuwa anawika.

"Nilijua," alisema. "Mwanzo simu ilikuwa inaita mpaka inakatika. Halafu siku moja haikuita tena. Siku zake za mwisho nilimwambia mama umehamia ng'ambo kwa kazi. Alifurahi sana, Selpher. Alikuombea."

Jogoo akawika tena.

"Janice mzima?" aliniuliza.

"Mzima."

"Basi. Msalimie."

Jumapili iliyofuata nilirudi Lavington. Philister alikuwa anapiga nguo pasi mlangoni pake, akanikaribisha kwa tabasamu, akanivutia kiti. Nilikataa kuketi. Nilimwambia, "Ni mimi. Ile nambari ni yangu. Na niliifungia." Aliendelea kupitisha pasi juu ya shati jeupe, mara moja, mara mbili. Kisha akaichomoa waya, akaisimamisha.

"Ningekuwa na gari, nikajua unakokaa," alisema polepole, "ningemleta mpaka mlangoni kwako."

Aliingia ndani, akafunga mlango. Hakuubamiza, aliufunga taratibu, kama mtu anayechelea kumwamsha mgonjwa. Nilisimama pale kando ya meza ya pasi. Nilitaka kubisha, nimwombe msamaha, nimwambie jinsi NyaGondwe alivyotusimamishia pikapu. Mlinzi alipokuja kuniambia dada, ni vizuri uende sasa, lile shati lilikuwa limeshapoa.