Wimbo Uliobaki Herufi Moja

Nyakim alikitazama kioo cha kompyuta, akamtazama Jebet, mwenye duka la kuchapisha, kisha akakitazama kioo tena. Ukurasa wa kwanza wa kijitabu cha ibada ulikuwa na kichwa cha wimbo, na chini yake herufi moja tu, ŋ, imesimama peke yake. Wimbo wenyewe haukuwapo.

"Hii ndio nitoe kopi?" Jebet aliuliza.

Nyakim alikaa chini bila kuangalia kama kuna kiti. Kwa bahati kilikuwapo. Alikuwa ametoka Kakuma hadi Lodwar na flashi ikining'inia shingoni, akiishika kila gari liliporuka shimo, kumbe alikuwa analinda hewa tupu. Kesho, kwenye ibada ya kumkumbuka marehemu mama yake, wanawake wa kanisa wangeimba wimbo wake wa mwisho. Mama alikuwa mtunzi, na alikataa katakata kurekodiwa. Hakutaka sauti ya ugonjwa ibaki duniani. Alimwimbia binti yake kitandani, mstari baada ya mstari, naye akaandika kwenye laptopu ya kanisa. Tuni ilikuwa ya zamani, lakini maneno hakuna mwingine aliyeyasikia.

"Si uandike tena tu?"

"Siukumbuki, dada."

Aliona aibu kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kinuer, lugha yao, kina herufi ambazo kibodi haina, kwa hiyo kila alipoihitaji mojawapo aliikopi kwenye faili la zamani na kuja kuipesti. Siku ile alifukuzia herufi, masikio akayasahau. Mama akinyamaza katikati ya mstari, yeye alidhani amechoka, akashukuru kupata nafasi.

Jebet alimuuliza alichofanya asubuhi, na Nyakim alipoeleza akayaona makosa yake waziwazi. Alikuwa ameukata wimbo ukurasa wa mwisho ili auhamishie mbele. Kabla ya kuupesti, akaona kichwa kina pengo, na mkono kwa mazoea ukakopi ŋ kuliziba. Gari likapiga honi. Akapesti chini yake akidhani ni wimbo, akasevu, akafunga faili, akakimbia bila kutazama. Mtu mzima na akili zake.

"Ukikopi kitu kipya, cha zamani kinatoka mbele," Jebet alisema. "Lakini mashine ingine inaweka vya nyuma, kama mtu aliwasha hiyo kitu. Mwambie mwenye laptop afinye ile kitufe iko na dirisha, pamoja na V. Na asizime. Ikizimwa, vyote vimeenda."

Nyakim alimpigia Duop, karani wa kanisa. Simu iliita hadi ikakatika. Alipiga tena.

"Ejok, hujambo dada Nyakim. Kwanza ngoja nizime hii laptop, chaji imeisha."

"Usizime!" Watu wawili waliokuwa kwenye foleni waligeuka. Akashusha sauti. "Duop, ndugu yangu, usiguse kitu. Finya kitufe cha dirisha na V."

Vitufe vikasikika vikifinywa upande wa pili.

"Imeleta kadirisha. Iko majina za kwaya, mimi nilikuwa nakopi tangu asubuhi."

"Umekopi mengi?" Jebet aliinamia simu. "Vikijaa, vya zamani vinatoka."

"Mob, mengi sana. Ngoja nishuke chini." Duop akaguna. "Hapa ni ŋ. Chini yake… ni ya mwisho kabisa hii. Nimeweka kwa ukurasa. Imeingia yote."

"Sevu. Halafu nisomee, nijue ndiyo yenyewe."

Duop alisoma Kinuer polepole, kwa sauti ile ile anayosomea matangazo, na kwa mara ya kwanza Nyakim akausikia wimbo wa mama yake. Ubeti wa mwisho ulisema:

*Bwana, nimesikia ukiniita.*
*Nyakim wangu bado anatafuta herufi.*
*Ningoje kidogo mlangoni,*
*mtoto amalize mstari.*

"Ndiyo yenyewe?" Duop aliuliza. "Dada? Uko?"

Mama hakuwa amechoka. Kila aliponyamaza alikuwa akimngojea, na yeye alikuwa amempa kisogo, anatafuta ŋ. Jebet alimtoa simu mkononi taratibu, akamwambia Duop aitume haraka, chaji isije ikaisha.